Kumpitia Mama kwa Maji

Jengo la Sita, Ghorofa ya Tatu,
Makazi ya Watu wa Mashua,
Wuliwan, Jiangsu.
19 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Chuanbao,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo ule uliokuwa ukikusumbua kwa kubeba matofali umepoa. Je, huko Aljeria baridi imeshaanza? Mnakula nini siku hizi? Kwenye picha uliyotuma umebonyea mashavu, na usiniambie ni kamera. Mpishi wenu wa kambini mwambie kuna mtu Wuliwan anamfuatilia.

Mimi sijambo, ila goti linalalamika kila ninapopanda ngazi. Shemeji yako Deshun naye hajambo, anakoroma kama kawaida. Xiaoman bado yuko Nanjing anafundisha chekechea, na hataki kabisa kusikia habari ya kuolewa. Nimeacha kumuuliza, maana kila nikimuuliza simu yake inaisha chaji.

Siku arobaini na tisa za msiba wa Baba, zile saba saba zote, zimekwisha wiki iliyopita. Tulizifunga vizuri, usiwe na wasiwasi. Najua ulilia peke yako huko kwa sababu kampuni ilikunyima ruhusa, na hapa hakuna anayekulaumu. Shangazi Caiping alianza kusema mtoto wa kiume pekee hakuja kushika picha ya baba yake mazishini. Nilimwambia yeye pia ana mikono miwili, aishike. Akaishika, na akalia kuliko sisi sote.

Sasa niingie kwenye lile uliloniuliza kwenye simu, ikakatika kabla sijajibu. Ulitaka kujua kama Baba aliwahi kumpitia Mama kwa maji kabla hajafa. Nimeona heri nikuandikie, maana si jambo la kusemea simuni huku wenzako wamepanga foleni wanasubiri mtandao.

Wewe hukumbuki kifo cha Mama. Ulikuwa mdogo, umefungwa kamba kiunoni na kibuyu mgongoni ili ukianguka majini uelee, na ulichojua ni kula tu. Tulikuwa tunatoka Xuzhou na makaa ya mawe, tishari letu lililokuwa nyumba yetu likiwa katikati ya msafara, mengine mbele, mengine nyuma, yote yamefungana kwa kamba na kuvutwa na boti moja la moshi. Mama alishikwa na homa ya mapafu. Msafara haukuwa na desturi ya kusimama kwa ajili ya mgonjwa, kwa sababu ukisimamisha tishari moja umesimamisha familia zote. Alifia hapa Wuliwan, tukiwa tunangoja zamu yetu kwenye lango la maji la mfereji.

Sisi hatukuwa na ardhi, na asiye na ardhi hana pa kuzika. Baba alipanda ukingoni kuwaomba watu wa tanuru la matofali. Mfyatua matofali mmoja akampa kipande kidogo chini ya tuta. Tulimzika asubuhi na mapema, tukachomeka kijiti cha mwerebi kuwa alama. Lango lilipofunguliwa tulikuwa tumesharudi kwenye tishari. Mimi nilishika usukani, kwa sababu Baba alikuwa amesimama nyuma akimtazama Mama akibaki.

Neno alilomwambia Mama kaburini nililisikia kwa masikio yangu. Alimwambia, "Usiogope watu wa nchi kavu. Tutakuwa tunapita."

Na tulipita. Kila safari, tukifika kona ile, Baba aligonga ubavu wa tishari mara tatu kwa upondo. Waliokuwa nyuma yetu wakagonga, na wa nyuma yao, mpaka tishari la mwisho, hata wale ambao hawakumjua Mama. Hilo nadhani unalikumbuka, kwa sababu wewe ulikuwa unagonga kwa kijiko na kukataa kuacha.

Ulipoondoka kwenda Aljeria bado tulikuwa majini, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Walichimba mfereji mpya huko nyuma ya mji, mpana, wa meli za chuma. Huu wetu wa kale wakaufunga, matishari ya mizigo yasipite tena. Vyombo vya saruji kama chetu vikaitwa vichafu, vikaburutwa ukingoni na kupondwapondwa. Baba alisimama kutazama mpaka mwisho. Halafu akaomba apewe kipande kimoja, wakamwambia kitamkata mkono.

Ndipo tukahamia kwenye haya makazi. Nisikufiche, mwanzo kulikuwa na vituko. Siku ya kwanza Baba alinawa uso, akafungua dirisha, akamwaga maji ya beseni nje kama alivyofanya maisha yake yote. Mama Pang wa chini alikuwa anaanika mashuka.

"Wewe mzee, una wazimu?" Mama Pang akapaza sauti.

"Samahani, mama. Nilidhani ni mto."

"Mto ghorofa ya tatu?"

Alilala vibaya pia. Alisema nyumba imekufa, haitikisiki. Usiku alikuwa anaamka kukagua kamba ambazo hazipo. Nilicheka mwanzoni, baadaye nikaacha kucheka.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni Mama. Ukingo wote wa kale wameupamba. Tuta limesawazishwa, wamepanda mierebi kwa mstari, wameweka njia nyekundu ya watu wa kukimbia, vibanda vya chai, na uwanja wa mawe ambako wanawake wanacheza kila jioni kwa spika kubwa. Kiongozi wao ni huyohuyo Mama Pang. Tanuru limebomolewa pamoja na bomba lake la moshi. Siwezi kusema ni pabaya. Ni pazuri sana, na hiyo ndiyo shida. Watu wanatoka Shanghai kuja kupiga picha za harusi mahali ambapo sisi tulikuwa tunapekua chawa.

Tangazo la kuhamisha makaburi lilibandikwa kwenye nguzo za taa. Sisi wakati huo bado tulikuwa na tishari, njiani kwenda Yangzhou na mchanga, na nguzo za taa hazipo majini. Yaliyokosa wenyewe yalichukuliwa yote kwa pamoja. Lakini la Mama halikuwa na kilima cha udongo wala alama tena, kwa hiyo Baba aliamini hawakuliona, na kwamba bado yupo palepale. Mimi sijui. Nakuambia ukweli, Chuanbao, sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Baba alitafuta mahali hapo kwa miguu miaka miwili. Hakupapata. Utashangaa mtu aliyepita kona hiyo tangu ujana alipoteaje, lakini fikiri vizuri. Alikuwa anaijua kutoka majini. Kichwani mwake ilikuwa hivi: bomba la moshi likishafika kwenye bega lako la kulia, maji yakaanza kuvuta usukani kushoto, basi hapo. Ukimsimamisha juu ya nchi kavu, na bomba halipo, alikuwa kama mtoto aliyeachwa sokoni. Alitembea na fimbo akigeuka huku na huku. Akichoka alikaa kwenye ngazi za ule uwanja wa wanawake na kuwakasirikia.

"Hivi nyinyi hamchoki?" aliwauliza siku moja nikiwepo. "Kelele zenu zinaamsha mpaka kambare."

"Babu, kama zinakukera, mbona unakuja kila siku?" Mama Pang akamjibu. "Njoo mstari wa mbele basi, tukufundishe kunyonga kiuno."

"Kiuno changu kimeshafanya kazi yake."

Wanawake walicheka wote, naye akacheka kidogo. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama alikuwa mtu wa kimya, asingependa kulala karibu na fujo kama hizi.

Mwezi wa nane daktari alituambia moyo wake umechoka, tumpe anachotaka. Alichotaka kilikuwa kimoja. Alisema, "Mimi nilimwambia tutapita. Sasa napita kwa miguu kama kuku. Nataka kumpitia kwa maji." Nilimuuliza tutapata wapi chombo. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye boti la wageni linalopita na taa zake nyekundu na kichwa cha joka.

Nilimwambia linageukia kwenye daraja jipya, halifiki konani. Alisema ataongea na nahodha, kwamba mtu wa majini hawezi kumkatalia mtu wa majini. Sikubishana naye. Nilimvalisha koti lake la bluu, nikafunga kwenye kitambaa wali kidogo wa kumtupia Mama majini, pamoja na mkate wa mahindi wa kubandika ubavuni mwa sufuria, ule aliokuwa anaupenda na samaki wadogo.

Boti lilijaa. Familia zenye watoto, vijana wawili wanaochumbiana, kikundi cha wastaafu wenye kofia za rangi moja. Binti mmoja aliyevaa kama malkia wa zamani alishika kipaza sauti akatusimulia mfereji. Alisimulia jinsi wafalme walivyoamuru uchimbwe, watu wangapi walikufa wakichimba, mpunga wa kusini ulivyopanda kwenda kaskazini kulisha mji mkuu, na mfalme aliyekuja kwa jahazi la ghorofa kutazama maua. Alisimulia vizuri, sina la kumkosoa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Binti, umewasahau waliozaliwa humu."

"Wapi, Babu?"

"Humu majini. Mke wangu alizaliwa kwenye tishari, na watoto wangu wote, na huyu hapa."

Aliponinyooshea kidole, boti zima liligeuka kunitazama na mvi zangu. Binti alikagua karatasi yake.

"Kwangu hapa haimo, Babu," akasema kwa upole. "Lakini nimeisikia."

Baba akainuka kwenda kwa nahodha. Nilimfuata nikimshika koti. Alikuwa kijana mwenye glavu nyeupe, safi kama mhudumu wa hoteli.

"Kijana, ukifika darajani usigeuze. Nenda mpaka konani tu, kisha urudi. Sichukui muda wako."

"Siwezi, Babu. Kuna kamera pale. Nikivuka, kesho sina kazi."

"Wewe umezaliwa chombo gani?"

"Nimezaliwa hospitali, Babu."

Baba alizitazama zile glavu. Hakukasirika. Alimpigapiga begani, akamwambia anashika usukani kwa nguvu mno, aulegeze, maji yenyewe yanajua njia. Kisha akarudi akakaa. Nilimwona amezeeka pale pale, na mimi nilitamani kumtupa yule kijana majini na glavu zake.

Tulipofika darajani, boti lilipunguza mwendo na kuanza kugeuka. Katika kugeuka, ubavu wetu ukaelekea upande wa juu wa mfereji, na chini ya tao la daraja kona ikaonekana yote. Maji yalikuwa yanavuta kushoto, hata mimi niliyahisi miguuni. Baba akasimama. Aliinua mkono wa kulia, akaupima begani mahali ambapo bomba la moshi lingekuwa.

"Pale," akaniambia. "Suyun, yuko pale wanaporuka ruka wale wanawake."

Ulikuwa ni ule uwanja, Chuanbao. Taa zimewaka, spika inapiga, na Mama Pang yuko mbele ametanua mikono. Miaka miwili alikuwa amekaa juu yake na fimbo yake, akiwaambia wanyamaze. Nilifungua kitambaa cha wali, na binti wa kipaza sauti akanifuata kuniambia hairuhusiwi kutupa chakula majini. Nilikifunga tena.

Baba alivua kiatu. Aliinama juu ya ukingo wa boti akagonga ubavu kwa kisigino, mara tatu. Lile boti ni la nyuzi za kioo na rangi, halina mlio wa tishari, lilitoa sauti kama ndoo. Ulikuwa mlio wa kusikitisha na tulikuwa mbali. Nina hakika haukufika hata darajani.

Kulikuwa na msichana mdogo kando yetu anakula barafu ya kijiti. Alimtazama Baba, akagonga na yeye kwa kiganja, mara tatu. Kaka yake akagonga. Wale wachumba wakacheka wakagonga. Mmoja wa wastaafu akasema lazima ni desturi ya hapa, inaleta heri, basi kofia zote zikainama na kugonga, wengine kwa chupa za maji, wengine kwa simu, safu kwa safu kutoka mbele hadi nyuma. Mama mmoja akamuuliza mumewe wanagonga kwa nini, mumewe akamwambia agonge tu asiachwe nyuma. Boti zima lilikuwa linapiga kelele na kucheka.

Damu ilinipanda. Nilisimama niwaambie wanyamaze, hii si ngoma, kuna mtu amelala pale. Baba akanishika mkono.

"Waache," akasema. "Atadhani msafara mzima umerudi."

Alikuwa analia huku anacheka, kiatu kimoja mkononi. Boti likamaliza kugeuka, daraja likaifunika kona, tukarudi gatini. Njiani alikula ule mkate wa mahindi wa Mama, wote, bila kunikatia hata kipande. Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hilo. Hakumpitia. Alifika mlangoni akagonga.

Baada ya siku ile hakwenda tena uwanjani kugombana na mtu. Alikaa dirishani. Muziki ulipoanza aliniambia nifungue kioo, nami nikafungua, na hakuna aliyesema neno kuhusu kambare. Alifariki mwisho wa mwezi wa tisa, alasiri, amekaa kitini. Mama Pang ndiye aliyenisaidia kumwosha. Nilipomwambia Mama yuko chini ya uwanja wao, alikaa chini kwenye sakafu ya bafu akaniuliza wafanye nini, wahame? Nilimwambia hapana. Siku ya mazishi hawakucheza.

Alichomwa, maana siku hizi kuzika mwili hawaruhusu, na majivu yake yako makaburi ya mlimani, kwenye ukuta wa visanduku, safu ya juu. Niliomba nimwage mferejini, nikaambiwa ni kosa. Kutoka pale hata uchuchumie huoni maji. Hilo limenikata maini, wala sitajifanya limekwisha. Wawili wale hawakuwa na kitu duniani ila lile tishari, na sasa mmoja yuko chini ya mawe, mwingine yuko ndani ya ukuta.

Sasa nikuambie la mwisho, ndilo lililonifanya nikae kuandika. Juzi, baada ya kufunga siku za saba saba, nilikwenda kusimama darajani. Boti la wageni lilikuja. Lilipopunguza mwendo kugeuka, nikamsikia yule binti kwenye kipaza sauti anawaambia watu wagonge ubavu mara tatu, ni desturi ya waliozaliwa majini. Wakagonga wote. Nilisubiri la pili, nikasikia vilevile. Nilimfuata gatini kumuuliza. Aliniambia ameliongeza mwenyewe kwenye karatasi yake tangu kiangazi, kila safari, na wageni wanalipenda kuliko habari za wafalme. Akaniuliza kama Babu hajambo.

Nilikaa chini pale pale gatini, mdogo wangu. Tangu kiangazi. Baba alikuwa bado hai, amekaa dirishani na kioo wazi, na muziki wa Mama Pang ulikuwa unaifunika sauti ile kila jioni. Amekufa akijua kwamba aligonga peke yake mara moja, na wageni wakamsaidia kwa bahati. Hakujua kwamba msafara haukukoma kupita.

Wasalimie wenzako wote wa kambini, hasa yule mzee Gu aliyekupeleka kupima mgongo. Shemeji yako Deshun anakusalimu, Xiaoman anakusalimu, Shangazi Caiping anasema umsamehe mdomo wake. Mama Pang naye kasema nikuandikie kwamba mashuka yalikauka. Maji yakuchukue taratibu popote ulipo, na yakurudishe kwetu na mashavu yako yote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Suyun